Loweka Kwanza, Kwangua Baadaye

Somo la utunzaji wa mashine: jinsi ya kuondoa masizi magumu kwenye vipuri vya injini ndogo



Somo letu la robo hii linahusu masizi magumu yanayoganda ndani ya injini ndogo, ambayo mafundi wetu huyaita kaboni. Ni kitu kidogo ukikitazama, lakini ndicho kinachozichosha kabla ya wakati mashine za kusaga, pampu za maji, jenereta na pikipiki zinazotumika vigangoni. Tena mara nyingi si masizi yenyewe yanayoiua mashine, bali namna tunavyoyaondoa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza hatua kwa hatua njia iliyo salama, isiyohitaji vifaa vya gharama kubwa.

Tunaandika somo hili tukiwa na Ipole mawazoni. Ipole iko kusini mwa mji wa Sikonge, pale barabara itokayo Tabora inapogawanyika, moja ikielekea Mpanda na nyingine Rungwa hadi Mbeya. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Umeme umefika vijiji vingi vya mkoa wa Tabora katika miaka ya karibuni, lakini vitongoji vilivyo mbali na barabara bado vinategemea injini ya dizeli kusaga mahindi na pikipiki kumpeleka mgonjwa zahanati. Zamani mizigo ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa takriban kilo 30. Siku hizi kipuri hupanda basi, lakini bado kinasafiri mbali. Sikonge peke yake ni kama kilomita 70 kutoka Tabora mjini, na Ipole iko mbele zaidi. Pistoni iliyoharibiwa kwa dakika tano za haraka inaweza kuwaweka watu bila unga kwa wiki kadhaa.

MASIZI HAYA YANATOKA WAPI?

Mafuta yakiungua vizuri ndani ya silinda, karibu yote hugeuka kuwa joto, mvuke na hewa inayotoka kwenye eksozi. Yasipoungua vizuri, hubaki masizi. Masizi hayo yakichanganyika na oili inayopenya kwenye silinda, kisha yakaokwa na joto siku baada ya siku, huwa gamba jeusi gumu. Gamba hili hushika juu ya pistoni, ndani ya hedi, kwenye valvu, kwenye mifereji ya ringi, kwenye ncha ya nozeli na ndani ya bomba la moshi.

Wakulima wa tumbaku wataelewa haraka. Bani la kukaushia tumbaku lina mabomba yanayopitisha joto la moto wa kuni. Mabomba hayo yakijaa masizi, moto haupumui vizuri, kuni nyingi zinateketea na majani hayakauki inavyotakiwa. Injini nayo ni hivyo hivyo. Tundu la kutolea moshi likizibwa nusu, mashine hunywa mafuta mengi na kufanya kazi kidogo.

Sababu za masizi kuongezeka kupita kiasi ni hizi:

1. Oili nyingi mno kwenye petroli ya injini zinazochanganyiwa mafuta, kama baadhi ya jenereta ndogo na misumeno ya mnyororo (chenso).
2. Chujio la hewa lililojaa vumbi, jambo la kawaida sana kwetu wakati wa kiangazi.
3. Choki kusahauliwa ikiwa imefungwa baada ya injini kuwaka.
4. Ringi zilizochakaa, zinazoruhusu oili ipande juu ya pistoni.
5. Nozeli ya dizeli inayodondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu.
6. Injini ya dizeli kunguruma muda mrefu bila kazi. Dizeli huungua vizuri injini ikiwa na joto la kutosha na mzigo wa kutosha. Mashine inayosubiri wateja saa nzima huku ikiwaka inajitengenezea masizi.
7. Mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiungui inavyopaswa. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuubaini uchakachuaji, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Hata hivyo mnunuzi wa chupa kando ya njia bado anapaswa kuwa mwangalifu.

DALILI ZA KUTAZAMA

Kamati haihitaji kuwa fundi ili ijue kwamba injini inaomba kusafishwa. Mwendesha mashine aulizwe mambo manne. Je, mashine inawaka kwa shida kuliko zamani? Je, nguvu imepungua, kwa mfano inazimika debe la mahindi likimiminwa kwa kasi ya kawaida? Je, moshi umeongezeka? Je, inagonga au inakataa kuzima mara moja hata baada ya kufunga swichi? Kwa injini ya petroli, plagi ifunguliwe itazamwe. Ikiwa ncha yake ina rangi ya kahawia hafifu, hali ni njema. Ikiwa nyeusi tititi na yenye unyevu wa oili, kuna tatizo.

Dalili hizi zinaweza kuwa na sababu nyingine pia. Kwa hiyo msifungue injini kabla ya kukagua vitu vyepesi: chujio la hewa, plagi, hali ya mafuta na kiwango cha oili. Mara nyingi chujio likisafishwa nusu ya ugonjwa hupona.

JAMBO LA KWANZA: IJUE METALI

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, nasi tunaomba msomaji asome polepole.

Pistoni za karibu injini zote ndogo ni za alumini. Hedi za pikipiki nazo kwa kawaida ni za alumini. Alumini ni nyepesi na hupitisha joto vizuri, lakini ni laini na inaliwa na kostiki soda. Kostiki, ambayo watengeneza sabuni wanaifahamu vizuri, inaweza kulegeza masizi kwenye chuma. Ukiitia kwenye alumini, inaanza kutoa povu na kuila metali yenyewe, huku ikitoa hewa ya haidrojeni ambayo huwaka ikikaribia moto. Kipuri kikitolewa humo kinakuwa na vishimo kama kilichotafunwa na mchwa.

Katika ziara zetu tumekutana na jambo hili. Kikundi cha akina mama kwenye kitongoji kimoja kilikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli iliyowahudumia vizuri. Nguvu ilipopungua, waliitwa vijana wa kuisafisha, nao kwa nia njema wakachemsha pistoni kwenye maji ya kostiki ili kazi iishe siku hiyo hiyo. Masizi yalitoka, lakini mifereji ya ringi ililiwa na pistoni haikufaa tena. Ulikuwa msimu wa mvua, barabara mbaya, na akiba ya kikundi ilikuwa imekwenda kwenye mbegu. Zikapita wiki tano. Kwa wiki hizo akina mama walibeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na wazee wasio na wa kuwatuma walirudia kinu na mchi. Mashine yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa inahitaji beseni, dizeli kidogo na usiku mmoja wa subira.

Kuna kipimo rahisi cha kuitambua alumini. Chukueni sumaku, hata ile iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, muiguse kwenye kipuri. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, kichukulieni kuwa ni alumini, na kisiguswe na kostiki, tindo wala moto. Kukitia pistoni kwenye moto wa kuni ili masizi yaungue ni kosa jingine. Hata kama alumini haikuyeyuka, ugumu wake unalegea na umbo linaweza kupinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lakini silinda itakiona.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

- Beseni au ndoo ya plastiki yenye mfuniko.
- Dizeli au mafuta ya taa, lita moja au mbili. Petroli isitumike kuoshea kabisa, kwa sababu mvuke wake hutambaa chini na kudaka moto ulio mbali.
- Maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo.
- Vijiti vya kukwangulia. Mti mgumu wa kwetu kama mninga unafaa sana, au mwanzi, vichongwe ncha bapa kama patasi. Kadi ya plastiki iliyokwisha muda na mswaki wa zamani vinafaa pia.
- Brashi ya nyaya laini za shaba. Brashi ya nyaya za chuma iwekwe kando, itatumika kwenye vipuri vya chuma tu.
- Vitambaa safi visivyotoa nyuzi.
- Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.
- Gasketi mpya ya hedi. Kama haipo, msiifungue injini. Gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja si ya kutegemewa, na bila hiyo mashine itakaa wazi ikimeza vumbi.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza: maandalizi. Injini ipoe kabisa. Nje yake ioshwe kabla ya kufungua chochote, maana mchanga ukiingia ndani ni mbaya kuliko masizi. Tandikeni kitambaa au turubai, na kila bolti iwekwe kwa mpangilio ilivyotoka. Wenye simu zenye kamera wapige picha kila hatua.

Hatua ya pili: kuloweka. Hii ndiyo roho ya somo letu. Mama yeyote anajua kwamba sufuria lenye ukoko wa ugali halikwanguliwi kwa kisu likiwa kavu. Linajazwa maji, linaachwa, na asubuhi ukoko unatoka kwa mkono. Masizi ya injini yanataka heshima hiyo hiyo. Pistoni na vipuri vingine vilivyotolewa vizamishwe kwenye dizeli au mafuta ya taa, beseni lifunikwe, liwekwe mbali na jiko na mbali na watoto, liachwe usiku kucha. Oili inayoyashikamanisha masizi italegea. Gamba la juu litakuwa laini, la chini litabaki gumu kiasi. Likigoma, rudieni kuloweka usiku wa pili. Madukani kuna pia dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, ambayo hulegeza masizi haraka zaidi. Itumike nje penye hewa, na isiguse mipira wala rangi.

Hatua ya tatu: kukwangua. Tumieni kijiti cha mti, mkikisukuma kwa kulaza, si kwa kuchoma. Anzeni juu ya pistoni, kisha ndani ya hedi. Madoa meusi yaliyobaki yasiyo na unene hayana madhara, yaacheni. Lengo letu ni kuondoa gamba. Hatutafuti kioo cha kujitazamia. Msasa usitumike kwenye alumini, kwani chembe zake hujichimbia kwenye metali laini, kisha hutoka polepole na kuila silinda.

Hatua ya nne: mifereji ya ringi. Ringi hutolewa kwa kupanuliwa kidogo tu, na kila moja iandikwe ilitoka mfereji gani na upande upi ulikuwa juu. Ringi ni ngumu lakini huvunjika kama kigae. Mafundi wengi husafisha mifereji kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjika. Njia hii inafaa iwapo kipande kinavutwa taratibu, na mtu anaacha mara tu anapoona metali inayong'aa. Mfereji ukipanuliwa hata kwa unene wa unywele, ringi italegea na oili itapanda tena. Vitundu vidogo vya kurudishia oili vilivyo ndani ya mfereji vizibuliwe kwa kijiti chembamba.

Hatua ya tano: iwapo pistoni haitolewi. Mara nyingine hedi pekee ndiyo inayofunguliwa. Izungusheni injini mpaka pistoni ifike juu kabisa, pakeni grisi kidogo kwenye ufa unaozunguka ukingo wake ili unga wa masizi usidondokee humo, kisha kwangueni kwa kijiti na kufuta. Mkimaliza, ishusheni pistoni kidogo, futeni grisi yote pamoja na takataka ilizozinasa. Matundu ya maji na ya oili yazibwe kwa vitambaa muda wote wa kazi, na vitambaa hivyo vihesabiwe wakati wa kuvitoa.

Hatua ya sita: valvu na nozeli. Kwenye valvu, masizi ya shina na ya mgongo wa kichwa yanaweza kuondolewa. Ukingo unaokalia kiti chake usikwanguliwe hata kidogo, bali usagwe na fundi kwa dawa ya kusagia valvu ikibidi. Nozeli ya dizeli ipanguswe kwa nje tu, kwa kitambaa na brashi ya shaba. Msiingize sindano wala waya kwenye tundu lake. Tundu hilo limepimwa kwa usahihi mkubwa, na likipanuka, dizeli itadondoka na masizi yatarudi mara mbili. Nozeli yenye mashaka ipelekwe kwa fundi mwenye kipimo cha nozeli.

Hatua ya saba: tundu la moshi na eksozi. Kwa injini za petroli zinazochanganyiwa oili, tundu la kutolea moshi ndilo huziba mapema. Fungueni bomba la moshi, zungusheni injini mpaka pistoni ifike juu kabisa na kuliziba tundu, kisha kwangueni kwa kijiti. Kwa namna hiyo takataka haziingii kwenye silinda. Bomba lenyewe la chuma ligongwe taratibu kwa mti, litikiswe, lisafishwe kwa brashi ya waya. Wapo wanaotumia kostiki kwenye eksozi ya chuma. Sisi hatushauri jambo hilo lifanywe vigangoni, kwa sababu tone moja linatosha kuharibu jicho. Popote kostiki inapotumika kwa kazi yoyote, iwe ya sabuni au nyingine, kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo, si maji kwenye kostiki. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya.

Hatua ya nane: kuosha na kufunga. Vipuri vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, visuuzwe, vikaushwe na kupakwa oili safi siku hiyo hiyo, la sivyo chuma kitashika kutu. Bolti za hedi zikazwe kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, hii kisha ile iliyo mkabala nayo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Injini iwashwe, iachwe ipate joto, kisha ianze na kazi nyepesi. Baadaye oili ya injini ibadilishwe.

AFYA NA MAZINGIRA

Unga wa masizi na oili chafu si vitu vya kuchezea. Oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi. Vaeni glavu, na osheni mikono kabla ya kula. Masizi yakwanguliwe yakiwa yamelowa, ili vumbi lisivutwe puani. Tahadhari hii inahusu hasa injini za zamani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi ilipofika mwanzo wa mwaka 2006. Injini ambayo imelala stoo tangu kabla ya hapo inaweza kuwa na masizi yenye risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Dizeli ya kulowekea, ikiachwa itulie na kumiminwa kwa juu, inaweza kutumika tena kwa kuoshea. Mabaki yakusanywe kwenye dumu lenye alama, yasimwagwe karibu na kisima wala kijito.

Kwa wenzetu wa Ipole kuna neno la ziada. Vipande vya masizi vyenye moto vinaweza kuruka kutoka kwenye eksozi vikaangukia nyasi kavu. Ndiyo maana chenso nyingi zina kichujio cha waya cha kuzuia cheche. Kichujio hicho kikiziba, wengine hukitoa na kukitupa ili mashine ipate nguvu. Tunawasihi wakisafishe kwa brashi na kukirudisha. Moto mmoja wa kiangazi unateketeza mizinga, unaharibu malisho ya nyuki, na unaingia hadi kwenye eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ipole ambalo vijiji vimelihifadhi kwa faida ya wote.

KUZUIA NI BORA KULIKO KUKWANGUA

Haba na haba hujaza kibaba, na masizi nayo huja hivyo. Yafuatayo yatapunguza kazi:

Kipimo cha oili. Kwa injini inayochanganyiwa mafuta, fuateni kitabu chake. Ikiwa kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, basi kila lita ya petroli inataka mililita 20 za oili, na lita 5 zinataka mililita 100. Ikiwa ni 25 kwa 1, ni mililita 40 kwa lita, na 200 kwa lita 5. Msipime kwa macho wala kwa kifuniko cha chupa. Nunueni bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano yake, lifungwe kwa kamba kwenye dumu la mafuta. Oili ikizidi, masizi huongezeka, na ikipungua, pistoni hukwama. Oili iwe ile maalumu kwa injini za kuchanganya.

Saa za kusaga. Badala ya kuiacha injini ikinguruma kusubiri mteja mmoja mmoja, kamati ipange saa za kusaga. Debe likikutana na debe, injini inafanya kazi ikiwa na mzigo, dizeli inaungua vizuri, na fedha ya mafuta inabaki kwenye sanduku.

Chujio la hewa. Wakati wa vumbi likaguliwe kila wiki.

Daftari la mashine. Kila mashine iwe na daftari lake, linaloonyesha tarehe, saa zilizofanya kazi, mafuta yaliyotumika, oili iliyobadilishwa na matengenezo. Matumizi ya mafuta yakipanda huku debe zikiwa zile zile, daftari litasema kabla mashine haijasimama.

NENO KWA KAMATI NA WAFADHILI

Watu wa magharibi mwa Tanzania wanaijua MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku kwa reli ya kati ipitayo Tabora, ikaungwa Kigoma na kuanza kazi mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Grisi iliyopakwa kwa wakati wake ndiyo iliyoziokoa injini zilizolala miaka mingi chini ya maji.

Tunalitaja hili kwa sababu tunapopokea mashine mpya huwa tunafurahi, tunapiga picha, tunakata utepe. Mambo hayo ni mema. Lakini zawadi ya injini haijakamilika bila gasketi mbili za akiba, seti ya ringi, seti ya spana, kitabu cha maelezo kwa Kiswahili na watu wawili waliofundishwa kuitunza. Tunawaomba wafadhili waviweke vitu hivi kwenye bajeti tangu mwanzo, na wasione aibu kuuliza kwenye taarifa za mwaka: daftari la mashine linasemaje? Tunawaomba wajumbe wa kamati watenge sehemu ya mapato ya kila mwezi kwa matengenezo, ikae kando na isikopwe. Pia, kati ya wale wawili wa kufundishwa, angalau mmoja awe mwanamke. Mashine ikisimama, wao ndio wanaobeba debe kichwani, na somo la kuloweka ukoko walilijua kabla ya fundi yeyote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

1. Parokia yetu na vigango vyake vina injini ngapi, na ni ngapi zinazofanya kazi leo?
2. Nani anaweza kututajia siku ambayo kila moja ilifunguliwa na kusafishwa mara ya mwisho?
3. Je, tuna gasketi ya akiba kwa kila mashine? Imehifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo?
4. Oili yetu inapimwa kwa kipimo gani?
5. Mashine ikisimama kesho, nani ataumia kwanza, na tumemshirikisha vipi katika kuitunza?

Tunashauri kikao kinachofuata kitenge nusu saa kwa maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu. Katika toleo lijalo tutaendelea na somo la chujio la hewa na utunzaji wa oili wakati wa kiangazi.